Mashujaa Wasioruka: Kuyarudia Matoleo ya Awali ya Shujaaz

Jina lenyewe lachekesha kabla ya picha ya kwanza kutazamwa. Kwa kanuni za Kiswahili, shujaa akizidi mmoja huwa mashujaa. Watungaji wa kijitabu cha katuni kilichoanza kutoka Nairobi mwaka 2010 walikiacha kiambishi cha mbele, wakabandika z nyuma kama wafanyavyo vijana wa mji ule, wakapata Shujaaz. Mwalimu wa sarufi ataona kosa. Ayarudiaye leo matoleo ya awali ataona kuwa z ile yabeba nusu ya maana: hawa ni mashujaa, ila ni mashujaa wa mzaha.

Katika katuni za Marekani, tangu Superman alipotokea mwaka 1938, shujaa wa ajabu hutambulikana kwa mambo mawili: nguvu zipitazo za kibinadamu, na jina la pili la siri. Boyie, aliye kitovu cha kundi hili, amenyimwa la kwanza akapewa la pili. Ni kijana aliyemaliza shule asipate kazi. Chumbani mwake ameunda mtambo wa redio, na kwa huo huyateka mawimbi na kusema na nchi nzima kwa jina la DJ B. Wazazi wake hawana habari. Wenzake, Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, nao hawaruki wala hawainui magari. Nguvu ya kundi zima ni kujua jambo na kulisema.

Hapo ndipo penye hatari. Kampuni ya Well Told Story ilikigawa kijitabu bure, ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa, na wafadhili waliotoa fedha walikuwa na yao ya kufundisha: kilimo, afya, uraia. Hadithi iliyolipiwa ili ifundishe aghalabu hufundisha kwanza, ikasimulia baadaye kama nafasi imebaki. Wahusika wanapopeana nasaha, vinywa vyao hujaa maneno ya semina, na z ya jina hunyamaza. (Tuzo ya kimataifa ya Emmy ya mwaka 2012 ni heshima kubwa, lakini haimwambii mhakiki ni ukurasa upi uchekeshao.)

Lakini mna vile vifaranga vya rangi ya waridi. Mfugaji huambiwa avipake rangi vifaranga vyake, ili mwewe akiwa juu asivitambue kuwa ni chakula. Hapa somo na kichekesho ni kitu kimoja. Ukiondoa kimoja, cha pili hakisimami. Kifaranga aliyepakwa rangi ndiye shujaa wa kweli wa katuni hizi, maana naye amevaa vazi la kumpoteza adui.

Tena picha hiyo yapita mahali ambapo lugha ya kijitabu haipiti. Na afikiriwe msomaji wa Makere, njiani kutoka Kasulu kwenda Kibondo, aliyelelewa kwa Kiha na kufundishwa Kiswahili shuleni. Sheng ya Nairobi itamfungia mlango tangu sentensi ya kwanza, kwa kuwa utani wake ni wa mtaa, na mtaa huo si wake. Mwewe anamjua. Atacheka asiposoma neno hata moja. Kwa hiyo walifanya vema watungaji, walipoingia Tanzania mwaka 2015, kuja na kijana mwingine, DJ Tee, asemaye Kiswahili cha huku, badala ya kumfasiri Boyie. Mzaha uliofasiriwa hugeuka maelezo.

Hata hivyo Boyie ndiye aliyebuniwa kwa kina zaidi. Superman huficha jina lake ili adui wasiwadhuru awapendao. Boyie hana adui wa namna hiyo. Nyumbani ni mtoto asiye na kazi, ambaye rai yake haiulizwi. Redioni, kwa jina lisilo lake, nchi nzima yamsikiliza. Siku atakapojitaja, atakayebaki ni yule kijana akaaye bure kwa baba yake, na hilo watungaji hawalisemi waziwazi katika ukurasa wowote. Wamemwachia aendelee kufunga mlango wa chumba.