Anayejua Pa Kukata

Ukitaka kumjua mtunza bustani aliyeiva, mtazame kabla hajafungua mkasi. Atauzunguka mti, atainama kuona tawi linachipukia wapi, atarudi nyuma hatua chache, ataangalia upepo unatoka upande gani na paa la nyumba liko umbali gani. Kisha atakata mara tatu au nne na kuufunga mkasi wake. Asiyejua kazi huanza na panga na huacha akichoka. Insha hii ni ya kumsifu huyo wa kwanza, kwa sababu miji yetu inaishi kwa kivuli chake na haijui hata anaitwa nani.

Kazi yake huanza mbali na ua wa mtu, kwenye vitalu vya barabarani. Mkazi wa Dar es Salaam anavijua: katika ukanda mwembamba kati ya lami na ukuta, viriba vyeusi vimepangwa safu kwa safu chini ya makuti au wavu wa kivuli. Kuna miashoki iliyosimama wima, mitende ya mapambo, mikrismasi, bogainvilia za kila rangi, yasmini, haibiskasi, na duranta kwa ajili ya wigo. Mpita njia huona maua ya kuuza tu. Mimi huona shule ya elimu ya mimea isiyo na paa wala cheti.

Fikiria anachopaswa kukijua mwenye kitalu. Mbegu ya mwashoki haivumilii kuhifadhiwa. Huoteshwa ingali mbichi, la sivyo hufa. Mbegu ya mkrismasi ni kinyume chake: ina ganda gumu linaloweza kukaa muda mrefu bila kuruhusu maji kupita, hivyo humwagiwa maji ya moto na kulazwa usiku kucha, au hukwaruzwa ganda mpaka lipungue. Franjipani, ule mti wa utomvu mweupe na maua yanayonukia sana jioni, huzalishwa kwa kipande cha tawi, lakini ole wake anayekichomeka ardhini siku hiyohiyo: lazima kikae kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, kisha kipandwe kwenye mchanga usiotuamisha maji, ama sivyo kitaoza. Samadi nayo sharti iwe imeoza vizuri, maana iliyo mbichi huunguza mizizi. Na mche uliolelewa kivulini hautolewi juani kwa siku moja. Husogezwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka majani yazoee. Haya yote hufundishwa kwa mdomo na kwa mkono, kijana akimfuata mkubwa wake na ndoo ya maji.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba kiriba kina muda wake. Mche ukikaa humo kupita kiasi, mizizi hufika ukingoni, hukosa pa kwenda na huanza kujizungusha. Ukiupanda hivyo, mizizi huendelea kuzunguka hata ardhini. Juu mti unapendeza, unarefuka, unatoa maua. Chini unajikaba wenyewe. Miaka kadhaa baadaye, siku ya mvua na upepo mkali, unalala barabarani, na watu wanalaumu upepo. Mpandaji mwenye ujuzi hupasua kiriba, hutazama mizizi, na iliyojisokota huikata au huinyoosha bila huruma. Kisha huchimba shimo pana kuliko kina chake, na huuweka mti kwa namna ambayo pale shina linapotanuka kuwa mizizi panabaki juu ya udongo. Shina likifukiwa, gome lake hubaki na unyevu na huanza kuoza. Hupanda mwanzo wa masika, ili mvua za Machi hadi Mei zimsaidie kumwagilia, na huweka matandazo ya majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa.

Sasa nifike kwenye mkato wenyewe, maana hapo ndipo ustadi wote unapopimwa. Tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe mdogo wa gome ambao jicho lisilofundishwa haliuoni. Fundi hukata nje kidogo ya uvimbe huo. Akikata kwa kusawazisha kabisa na shina, amejeruhi shina lenyewe. Akikata mbali, ameacha kisiki kitakachokauka na kuwa mlango wa uozo na mchwa. Tawi likiwa zito hukatwa kwa mikato mitatu: wa kwanza kutokea chini, umbali kidogo na shina, usioingia sana, wa pili kutokea juu, mbele zaidi, mpaka tawi lianguke, wa tatu wa kuondoa kipande kilichobaki. Bila ule mkato wa chini, tawi huanguka na kuvuta ukanda mrefu wa gome hadi shinani.

Kwa nini kujisumbua namna hiyo? Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alitumia miaka mingi akipasua miti kwa msumeno wa mota ili aone kinachotokea ndani yake baada ya kujeruhiwa. Mwaka 1977 yeye na Harold Marx walichapisha maelezo ambayo watunza miti duniani wanayategemea hadi leo. Mti hauponi kidonda kama mwili wa mtu unavyopona. Sehemu iliyojeruhiwa haitengenezwi upya. Mti huizungushia kuta kwa ndani, huifungia humo, kisha hukua juu yake kwa mbao mpya. Kwa hiyo kila tawi lililowahi kukatwa vibaya bado limo ndani ya shina pamoja na uozo wake, hata kama kwa nje gome limeziba na kung'aa. Rangi au lami inayopakwa juu ya kidonda haizuii kuoza; humridhisha aliyeipaka tu.

Ndiyo maana naumia nikipita mitaani na kukuta mti mkubwa umeondolewa kilele chote, mashina manene yamebaki wazi juani. Mwenye nyumba anaamini ameondoa hatari. Kumbe ameiandaa. Mti uliopoteza majani yake umepoteza chakula, hivyo hukimbilia kuchipua vijiti vingi kutoka chini ya gome. Vijiti hivyo havikushikamana na kiini cha shina, vinarefuka haraka, na katika miaka michache vinakuwa matawi mazito yaliyoshikiliwa na ngozi tupu, huku shina lililokatwa linaoza chini yake. Mti huohuo ungeelekezwa ukiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, kwa kuchagua shina moja la kuongoza na kuondoa matawi yanayogombana nalo wakati bado ni membamba kama kidole, panga lisingehitajika. Kazi hiyo ya mapema ni ya dakika chache na haionekani baadaye. Nadhani hilo ndilo linalomnyima fundi sifa yake: akifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba kulikuwa na jambo lililofanywa.

Kati ya vichaka vyote, bogainvilia ndiyo inayomfunua mtunzaji upesi zaidi. Zile rangi za zambarau, chungwa na nyekundu tunazoziita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe au la manjano hafifu, limefichwa katikati. Asiyeifahamu huimwagilia kila jioni na kuirundikia mbolea, akapata majani mengi ya kijani na miiba. Anayeifahamu huipa jua la kutwa, kisha huacha udongo ukauke kabla ya kuinywesha tena, na katika kiu hiyo ndipo inapolipuka kwa rangi. Huikata baada ya msimu wa maua, kwa kuwa inachanua kwenye vichipukizi vipya. Anapoihamisha hakung'uti udongo mizizini, maana mizizi yake ni dhaifu kuliko ukali wa miiba yake unavyodanganya. Nimeona kwenye vitalu vyetu shina moja lililobebeshwa rangi tatu, nikasimama kulitazama kwa muda mrefu.

Kichaka hicho asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 1767 msafara wa Kifaransa ulioongozwa na Louis-Antoine de Bougainville ulitia nanga Rio de Janeiro, na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson akakikusanya huko. Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyevaa mavazi ya kiume ili aweze kusafiri katika meli ya wanamaji, na ndiye aliyebeba mizigo na kupanda milima. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba ni mkono wake uliouchuma mmea huo. Kichaka kilipewa jina la nahodha.

Lipo pia jukumu la kuchagua nini kipandwe na nini kisipandwe. Lantana ililetwa Afrika kutoka Amerika kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Ikaruka ukuta wa bustani, na leo wafugaji na wakulima wa Afrika Mashariki wanaing'oa malishoni na mashambani. Thevetia ya maua ya manjano hufanya wigo mzuri, lakini mmea mzima ni sumu inayoshambulia moyo, na fundi mwaminifu hataipanda kwenye uwanja wa shule hata akilipwa mara mbili. Kwa upande mwingine tuna kibobakasi, mti wa Afrika hii hii, wenye maua mekundu yanayokaa juu ya majani kama miali ya moto, ambao katika visiwa vya Pasifiki umegeuka mvamizi. Huku kwao una haki ya kupewa nafasi zaidi kuliko tunavyoupa.

Anayetaka kuona kazi hii inafika wapi, akumbuke Bungi, kusini mwa mji wa Zanzibar. Huko zilipandwa safu za miembe inayohusishwa na Bi Khole, binti wa Sultani Said bin Sultan aliyefariki mwaka 1856. Jumba la Bi Khole ni magofu. Miembe ilidumu kuliko jumba. Au aende Nairobi mwezi Oktoba mijakaranda inapochanua. Peter Greensmith, aliyekuja kusimamia bustani za jiji hilo mwaka 1947, anakumbukwa kwa mijakaranda na bogainvilia alizozipanda kando ya barabara kuu. Jina lake limehifadhiwa, na anastahili. Waliochimba mashimo, wakabeba maji na kuielekeza miche ile mpaka ikasimama, hawakuandikwa popote.

Mpaka leo mtu mwenye wajukuu, aliyetunza bustani maisha yake yote, bado anaitwa kijana wa shamba na mwajiri mwenye umri wa mwanawe. Huo ni udhalimu. Fundi seremala akiharibu mbao hununua nyingine. Huyu hana mti wa pili wa miaka ishirini wa kuweka mahali pa ule alioukosea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisimama kwenye kitalu cha barabarani usianze na bei. Uliza mche umekaa kwenye kiriba muda gani, utafika urefu gani, mizizi yake itaenea wapi, na kama una sumu. Ukijibiwa vizuri, mlipe huyohuyo aje aupande mwenyewe, umwite tena mwaka wa pili na wa tatu aje aelekeze matawi. Muulize jina lake na ulitumie. Nanyi mnaopanga miji, barabara inapopanuliwa watengeeni wenye vitalu eneo lenye maji kabla tingatinga halijafika.