Hukumu Iliyosifiwa na Mkataba Uliosahauliwa

Katika maandishi yaliyoachwa na enzi ya Kujengwa Upya huko Marekani (1865–1877), ni machache yaliyosifiwa kwa ufasaha kama hukumu ya Jaji David Davis katika shauri la Milligan, mwaka 1866. Lambdin Milligan, raia wa Indiana, alikamatwa na jeshi mwaka 1864, akahukumiwa kunyongwa na baraza la kijeshi, ilhali korti za raia jimboni mwake zilikuwa wazi. Mahakama Kuu ikaamua kwamba penye korti iliyo wazi askari hana haki ya kumhukumu raia. Majaji wote tisa waliafiki aachiliwe, ijapokuwa wanne hawakukubali hoja yote ya Davis. Ni maneno mazito, na wanafunzi wa sheria hawakosei kuyapenda.

Kasoro yake imo katika hilo neno “wazi.” Davis hulitumia kana kwamba mlango ulio wazi kwa mtu mmoja u wazi kwa wote. Mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 1866, watu weusi 46 waliuawa mjini Memphis, na askari polisi wa mji wakiwa miongoni mwa wauaji. Korti za Memphis zilikuwa wazi, hakuadhibiwa mtu. Yafaa kukiri kwamba shauri lililokuwa mbele ya Davis lilikuwa la Kaskazini, wala hakulazimika kuitaja Memphis. Walakini hukumu inayotaka kuwa kanuni ya mahali pote haina budi kupimwa mahali pote.

Sheria ya tarehe 2 Machi 1867 haina ufasaha hata kidogo. Yaigawa nchi ya Kusini katika wilaya tano za kijeshi, na kumwachia jenerali wa kila wilaya hiari ya kuziacha korti za raia zifanye kazi au kuunda mabaraza yake. Hukumu ya kifo haitekelezwi bila idhini ya Rais. Kwa nguvu hiyo Jenerali Philip Sheridan aliwaondoa meya wa New Orleans na jaji mmoja, baada ya polisi wa mji huo kushiriki katika mauaji ya tarehe 30 Julai 1866. Lugha yake ni kavu, lakini imemwona mtu ambaye Davis hakumwona.

Waandishi wengi huishia hapa, wakaieleza enzi nzima kuwa shindano la jeshi na raia. Huusahau mkataba mmoja mfupi. Mwaka 1868 Jenerali Thomas Ruger, gavana wa muda wa Georgia aliyewekwa na jeshi, alimkodisha William Fort wafungwa weusi 100 wakajenge reli, kwa dola 2,500. Mkataba hauna pambo: mfungwa hutajwa kwa idadi, kwa afya na kwa rangi, jina hana. Marekebisho ya 13 ya Katiba (1865) yalikuwa yameufuta utumwa isipokuwa kwa aliyepatikana na hatia, na upenyo huo ulitosha.

Wahenga husema wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Hapa tembo hawakupigana. Serikali ya raia ilipoingia Georgia mwezi wa Julai 1868, iliupokea mtindo huo na kuupanua. Ulikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1908, na wafungwa wakapelekwa kutengeneza barabara, wakiwa wamefungwa minyororo.