Neno "wyrd" na Mtego wa Mfasiri

Wasomaji wengi wa utenzi wa Beowulf hulichukua neno wyrd kuwa jina la nguvu ya kipagani itawalayo maisha na mauti ya wanadamu. Mazoea hayo ni ya zamani, na E. G. Stanley aliyakosoa vikali katika kitabu chake cha mwaka 1975. Asili ya neno lenyewe pia haiyaungi mkono.

Wyrd ni nomino iliyozaliwa na kitenzi weorðan cha Kiingereza cha Kale, yaani "kuwa" au "kugeuka kuwa", ambacho ni ndugu wa werden ya Kijerumani na, kwa mbali zaidi, vertere ya Kilatini. Maana yake ya msingi basi ni "jambo lililokuwa", na mahali pengi halina uzito kupita huo. Ni kweli kwamba katika orodha za kale za maneno, Parcae, wale wanawake wa Kirumi wasokotao uzi wa uhai, wamefasiriwa kwa wingi wa neno hili. Lakini mtawa aliyekuwa akitafuta neno la kufafanulia Kilatini si shahidi wa imani ya watu wake. Katika tafsiri ya Boethius inayohusishwa na Mfalme Alfred, wyrd ni kazi aitendayo Mungu kila siku.

Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anaponaswa. Majaliwa hutokana na kujaliwa, na ajaliaye ni Mungu. Kudra nayo ni uwezo Wake. Maneno hayo yanamfaa Alfred, ila kwingineko yatamtaja mpaji ambaye wyrd yenyewe haimtaji. Ajali, kwa maana yake ya kale ya muda uliowekwa, ingekaribia zaidi, lakini siku hizi msomaji ataona magari yamegongana. Palipo na tukio tu, heri kuandika "yaliyokuwa" au "yatakayokuwa".

Neno la Kiingereza nalo limechakaa vivyo hivyo. Weird ya leo, yaani "-a ajabu", imetokana na Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Humo wahusika huwaita wale wanawake watatu "dada wa wyrd"; "wachawi" ni jina la maelekezo ya jukwaani. Mfasiri atakayeandika "wachawi" kila mahali atakuwa amempa Macbeth ujuzi ambao Shakespeare alimnyima.