Walter Eckersall na Deni la Chuo

Walter Eckersall aliongoza mashambulizi ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1903 hadi 1906. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini mwepesi wa mbio na hodari wa kupiga mpira kwa mguu. Mwaka 1905 Chicago iliifunga Michigan 2–0, timu iliyokuwa imecheza michezo 56 bila kushindwa.

Wengi wanaomsifu huishia hapo. Mimi nauliza: chuo kilimfundisha nini? Mwaka huohuo jarida la Collier's liliandika kwamba alipokewa kabla hajatimiza masharti ya kujiunga. Alicheza misimu yake yote, kisha akaondoka bila shahada. Kocha Amos Alonzo Stagg alipata ushindi, na chuo kikapata jina.

Eckersall hakupotea. Aliandika habari za michezo katika gazeti la Chicago Tribune, akawa pia mwamuzi, hadi alipofariki 1930. Hiyo ni sifa yake mwenyewe, si ya chuo. Mwaka 1939 chuo kiliivunja timu hiyo, lakini yeye hakuwapo tena. Mwalimu anayempokea kijana kwa sababu ya mbio zake hana budi kuhakikisha kwamba anasoma pia.