Ulimwengu wa Mchezo na Nchi ya Ufipa

Mchezo wa mezani tutakaoujadili hapa hauna ubao wala kete za lazima. Watu wanne au watano huketi pamoja. Kila mmoja hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni, akaandika karatasini nguvu zake na udhaifu wake. Mmoja wao, aliye msimulizi na mwamuzi, hueleza nchi waliyomo na mambo yawakabiliyo. Wenzake husema watakalotenda, na dadu huamua kama limefaulu. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo wachezaji hawaishi kubishana juu ya swali moja: ni nchi ipi ya kubuni iliyo bora kuchezewa? Swali hilo ni la uhakiki, nasi twataka kulijibu kwa kuanzia mbali na kuishia Sumbawanga.

Kwanza neno lenyewe. Wahakiki wetu wamezoea kuita mahali pa hadithi mandhari. Neno hilo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kile kionekanacho kwa macho, na lafaa sana kwa riwaya na tamthilia. Lakini katika mchezo huu kilicho bora ni kile ambacho hakijaonekana bado: njia ambayo msimulizi hakuitayarisha, mlango ambao mchezaji ameuliza habari zake ghafula. Kwa sababu hiyo twapendelea kusema ulimwengu wa mchezo, ingawa twakiri kwamba maneno hayo ni mazito kidogo mdomoni.

Tukiutumia mtazamo huo kuwa kipimo, baadhi ya nchi zipendwazo mno hazistahili sifa zote zipewazo. Forgotten Realms ya Ed Greenwood, iliyotolewa kama ulimwengu wa mchezo mwaka 1987, ina miji, miungu na wafalme wengi kupita kiasi; vitabu vimeongezwa juu ya vitabu, hata msimulizi huchelea kusema neno mbele ya mchezaji aliyesoma zaidi yake. Nchi iliyojaa hivyo ni ghala, na mgeni wa ghala hupewa ufunguo na daftari tu. Glorantha ya Greg Stafford, iliyoonekana kwanza katika mchezo wa ubao mwaka 1975 na kisha katika RuneQuest mwaka 1978, ni ya namna nyingine. Humo kila kabila lina visasili vyake juu ya chanzo cha mambo, navyo hupingana, wala mchezaji hapewi jawabu moja la kumpumzisha. Hulazimika kuchagua kisasili atakachoishi ndani yake. Hapo twaona ustadi wa kweli.

Msomaji wa Kiswahili atauliza kama sisi hatuna nchi za namna hiyo. Tunayo, na ya kwanza kukumbukwa ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951: nchi iliyoning'inia hewani, itumayo wajumbe sita katika pande sita, yaani pande nne za dunia, juu na chini. Wajumbe hurudi na mambo mema waliyoyaona ugenini, na malipo yao huwa kifungo. Wengi husema kwamba kitabu hiki ni fumbo tu juu ya utawala, na kwamba nchi yake haina udongo wa kutosha kukanyagwa na mchezaji. Hatukubali. Ni kweli kwamba hatuambiwi watu wa Kusadikika wanakula nini wala wanalima nini. Lakini tunajua lililo kubwa zaidi, yaani jinsi sheria yao inavyofanya kazi. Na sheria ile ni adui wa kutisha kuliko joka lolote la vitabu vya Marekani, kwa kuwa haiuawi kwa upanga. Mchezaji atumwaye upande wa saba, akijua yaliyowapata wale sita, tayari ana mchezo.

Twaja sasa kwenye jaribio la kuifanya Afrika nzima kuwa ulimwengu wa mchezo. Mwaka 2002 Christopher Dolunt alitoa Nyambe: African Adventures kwa wachapishaji wa Atlas Games. Kitabu chajitahidi kuepuka Afrika ile ya filamu za zamani, ya misitu na wawindaji wa Kizungu na wenyeji wasio na majina, na kwa hilo kinastahili heshima. Taabu yake iko katika msamiati. Miongoni mwa jamii za viumbe awezao mchezaji kuzichagua zimo agogwe na kitunusi. Wavuvi wa pwani yetu wanamjua kitunusi: ni kitu cha majini cha kuogopwa, ambacho maana yake yote imo katika hofu ya mtu aliye peke yake chomboni. Akifanywa jamii ya watu, mwenye karatasi na hesabu ya nguvu zake, hofu ile huondoka na neno hubaki ganda. Agogwe ana historia ya ajabu zaidi. Habari zake zilienea kwa maandishi ya William Hichens katika jarida la Discovery mwaka 1937, aliyesema kwamba aliona viumbe wawili wafupi wenye manyoya, wakitembea wima, katika sehemu za Wembere. Huyu ndiye Hichens yule yule aliyehariri Al-Inkishafi, toleo la mwaka 1939. Yaani mkono mmoja uliwapa wasomi utenzi na wachezaji kijitu cha porini, na hatuna budi kukubali kwamba kijitu kile kimesafiri mbali kwa namna yake.

Hata hivyo kosa la Nyambe ni dogo likilinganishwa na lile tulilolifanya wenyewe bila dadu wala karatasi. Sumbawanga, mji ulio juu ya uwanda wa Ufipa kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, umekwisha kugeuzwa nchi ya kubuni katika vinywa vya Watanzania wengine. Mtu atokaye huko, akitaja kwao, huulizwa kwa kicheko habari za radi na ungo. Wenyeji hueleza jina la mji wao kuwa ni agizo: sumba, yaani tupa, wanga, yaani uchawi. Msemaji wa Kiswahili husikia wanga tu, kwa kuwa neno hilo analo katika lugha yake, na kitenzi kilicho mbele yake hukipita bila kukisikia. Hivyo jina linalokataza uchawi limefanywa anwani ya wachawi. Wala si mzaha mtupu, maana katika nchi yetu tuhuma ya uchawi imewahi kuwagharimu watu maisha yao. Mtungaji wa mchezo akiichukua Ufipa ya mzaha huu, atakuwa amechukua kitu rahisi kuliko vyote, tena kisicho cha Wafipa.

Nacho kilicho chao ni bora mara nyingi. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa kuanzia mwaka 1962, alieleza kwa kirefu simulizi ya Milansi katika A State in the Making, kitabu cha mwaka 1981. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na uzao wake ukatawala Milansi. Baadaye walikuja wanawake watatu wageni. Mtawala alikuwa amekwenda kuwinda, naye alikuwa amemwonya mkewe. Lakini mke akawapa wageni kigoda cha utawala. Aliporudi, ufalme ulikuwa umehama. Wageni wakachukua nchi, naye akabaki na Milansi na ukuhani wake. Basi nchi ina mabwana wawili kwa haki mbili, mmoja wa chanzo na mmoja wa nguvu. Tuongeze mandhari, na hapa neno lafaa: nyanda za majani zilizo wazi, Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili, zote mbili chini sana, maporomoko ya Kalambo yaangukayo zaidi ya mita 200, na malungu, tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma kwa upepo wenyewe bila mivukuto, ambazo kazi yake haikuanza pasipo dawa na miiko.

Twajua pingamizi litakaloletwa. Milansi si Glorantha. Ina watu, nao hawakuomba kuchezewa. Pingamizi hilo ni zito, na kwa upande wetu lingetosha kumzuia mgeni asiyejua Kifipa. Haliwazuii vijana wa Sumbawanga au wa Msanzi wakitaka kuketi wenyewe mezani na simulizi ya babu zao. Wakifanya hivyo, tungependa kuona mmoja wao akijitwalia nafsi ya yule mke, mume wake yuko mawindoni, wageni watatu wamesimama mlangoni, na kigoda kiko nyuma yake.