TUHUMA SI HUKUMU
Habari za uhalifu magazetini na haki ya mtuhumiwa kujitetea

 

Ndugu msomaji, katika magazeti yetu hakuna habari inayosomwa haraka kama habari ya uhalifu. Asiye na pesa ya gazeti husimama mezani pa muuzaji akasoma kichwa cha habari, na siku hizi kichwa hicho hicho kinamfikia kwenye simu kabla hajatoka kuswali alfajiri. Kutoka Bunju mpaka Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini, habari hiyo hupita barazani, ikaingia sokoni, na mwisho ikapanda juu ya mimbari. Mtu amekamatwa Jumatatu, Ijumaa khatibu anamtaja kuwa ni muuaji, na kesi yake haijasomwa hata mara moja. Makala hii inakosoa mwenendo huo. Inawakosoa waandishi wa habari, na inatukosoa sisi wenye vilemba pia, kwa sababu elimu ya jambo hili tunayo vitabuni mwetu.

MANENO YENYEWE YANASHUHUDIA

Tuanze na lugha. Kiswahili cha mahakamani kimejaa maneno ya mafaqihi wetu. Jinai ni jinaya. Mahabusu ni mahbus, aliyezuiliwa. Dhamana, shahidi, hukumu na hatia, yote asili yake ni Kiarabu. Katika hayo limo neno tuhuma. Mwanafunzi wa sarfu akilirudisha neno tuhma kwenye mzizi wake atakuta herufi wau, haa na mim, yaani wahm, jambo linalopita moyoni bila ya uhakika. Na mshukiwa anatokana na shaka. Kwa hiyo lugha imekwisha toa fatwa yake: mtuhumiwa ni mtu aliyedhaniwa, na mshukiwa ni mtu aliyetiliwa shaka. Sheria ya nchi ikamwongezea daraja ya tatu, mshtakiwa, ambaye amefikishwa mbele ya hakimu. Daraja ya mkosaji haifikiwi ila baada ya hukumu.

Sasa tazama vichwa vya habari. Daraja zote hizo zinarukwa. Mtu aliyetiwa mbaroni jana anaitwa jambazi sugu. Zaidi ya hapo, mwandishi anamvua hata ngeli ya wanadamu. Hasemi majambazi watatu wameuawa, anasema majambazi matatu yameuawa, kama anayehesabu magogo. Mtu akishatolewa katika ngeli ya watu, nani atauliza kama alisikilizwa? Na upo msemo mwingine uliozoeleka, kwamba fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Katika sentensi hiyo mwizi anajulikana, ingawa hakuna aliyethibitisha wizi wake, na wauaji hawajulikani, ingawa waliua mchana mbele ya watu. Hasira imepewa kazi ya kadhi.

TUKIO LA JANUARI 2006

Msomaji asidhani kwamba haya ni mabishano ya nahau. Tarehe 14 Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi wa Dar es Salaam, waliuawa wakiwa mikononi mwa polisi. Umma ulitangaziwa kwamba wao ni majambazi waliouawa katika mapambano ya risasi. Habari ikatoka hivyo, ikasomwa hivyo, na wako walioshukuru kwamba mji umesafishwa. Kumbe watu wale walikamatwa wazima, wakapelekwa msitu wa Pande, ambao kwetu sisi wa Mapinga ni jirani, ukishapita Bunju na Mabwepande. Huko ndiko walikouawa.

Ndugu zao hawakunyamaza. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na ikadhihirika kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Askari kadhaa wakashtakiwa kwa mauaji, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam.

Hapa pana funzo la pili, na wengi wamelikosa. Mitaa ile ile iliyokuwa imeamini kwamba wanne wale ni majambazi, sasa iliamini kwamba washtakiwa wote ni wauaji, na kesi ikaitwa kesi ya Zombe. Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru washtakiwa waliobaki katika kesi hiyo, kwa kuwa mashtaka hayakuthibitishwa dhidi yao. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa, na ikathibitisha kuachiwa kwa wengine, Zombe akiwa miongoni mwao. Mahakama mbili zimemwachia, na mpaka leo watu wanaliita jambo lile kwa jina lake.

Basi angalia mizani. Wanne waliuawa kwa sababu hawakupewa nafasi ya kusema sisi ni nani. Walioshtakiwa kuwaua walipewa nafasi hiyo, wakawekewa mawakili, ushahidi ukapimwa mtu mmoja mmoja. Uchungu wa wafiwa unaeleweka, na damu ya wanne haikulipwa kama walivyotaraji. Hata hivyo, dawa ya dhulma ya kwanza haiwezi kuwa dhulma ya aina ile ile kwa watu wengine. Haki waliyonyimwa wale wa Mahenge ndiyo hiyo hiyo waliyopewa askari, na anayeilaani kwa askari hana hoja ya kuidai kwa wachimbaji.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Imam anapaswa kuyajua haya kwa sababu mzazi ambaye mwanawe amekamatwa usiku humwendea yeye kwanza. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ametenda kosa. Ibara hiyo hiyo inakataza kumtesa mtu na kumdhalilisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuelezwa kwa nini amekamatwa, na haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya Ushahidi ya 1967 inataka maelezo ya kukiri yawe yametolewa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha unaubeba upande wa mashtaka pasipo kuacha shaka ya maana. Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba mtuhumiwa amekiri mbele ya polisi, msomaji ajue kwamba safari bado. Mahakama itauliza alikiri vipi, wapi na kwa hali gani.

Jambo jingine linalopotosha watu ni rumande. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, na watu husema asingekuwa na kosa angetoka. Maneno hayo hayana msingi. Kukosa dhamana kunatokana na aina ya shtaka alilosomewa, hakutokani na ushahidi kuwa umethibiti. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014, wakakaa gerezani mpaka Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Miaka yote hiyo Waislamu tulilalamika kwamba wanaitwa magaidi na kesi haijasikilizwa, na malalamiko yetu yalikuwa ya haki. Swali ni hili: kijana wa jirani, ambaye si sheikh na hana jumuiya ya kumsemea, akikamatwa kwa wizi wa pikipiki, je, tunampimia kwa pishi ile ile?

FIQHI ILITANGULIA

Asili ya mtu katika fiqhi ni kutokuwa na dhima, mpaka ipatikane bayana. Ibn Abbas (r.a.) amepokea, katika Sahihi mbili, maana yake kwamba lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangelidai damu na mali za wenzao. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimfundisha asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili. Maiz alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume (s.a.w.) alimgeuzia uso, akauliza kama ana wazimu, akamfungulia milango ya kurudi nyuma. Na alipouawa Abdullah bin Sahl Khaybar, jamaa zake waliwatuhumu Mayahudi. Hapakuwa na shahidi, na Mtume (s.a.w.) hakumwaga damu ya yeyote kwa dhana. Alitoa yeye fidia ya marehemu.

Kuhusu kukiri kwa mateso, imepokewa kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba mtu hana amani na nafsi yake akitiwa njaa, akitishwa au akifungwa. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alimwandikia Harun al-Rashid katika Kitab al-Kharaj akikemea kuwapiga watuhumiwa na kumfunga mtu kwa tuhuma tu ya mwenzake. Uaminifu wa elimu unatutaka tuseme pia kwamba wako maulamaa walioruhusu kumzuia mtuhumiwa ili achunguzwe, kwa hadithi ya Bahz bin Hakim. Ibn al-Qayyim katika al-Turuq al-Hukmiyya amewagawa watuhumiwa kwa hali zao, na akataja khilafu juu ya aliyejulikana kwa uovu. Hata hao hawakusema kwamba kuzuiliwa ni hukumu, wala kwamba jirani na mpita njia wamepewa kazi ya kadhi.

JE, WAKILI WA MTUHUMIWA NI MTETEZI WA MAKHAINI?

Wapo wanaoitegemea aya ya 105 ya Surat an-Nisaa, inayokataza kuwatetea makhaini, wakasema Mwislamu hafai kuwa wakili wa mshtakiwa wa jinai. Hoja hii nimeisikia katika darsa, na haifai kuachwa bila jibu. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba aya hizo zilishuka katika kisa cha deraya iliyoibwa Madina. Jamaa wa mwizi, Tu'ma bin Ubayriq, walijua ukweli wakaupanga uongo, wakamtupia kosa Yahudi asiye na hatia. Aya ya 112 ya sura hiyo inalitaja waziwazi kosa la kumbambikia asiyehusika. Basi aya zilikuja kumtetea mtuhumiwa aliyesingiziwa, tena asiyekuwa Mwislamu, dhidi ya ndugu wenye kusemana vizuri. Kuzigeuza ziwe hoja ya kumnyima mtuhumiwa mtetezi ni kuzisoma kinyume.

Uwakala katika khusuma umo katika vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa katika madrasa zetu za mwambao. Ali (r.a.) amepokewa kuwa alimweka ndugu yake Aqil, kisha Abdullah bin Jaafar, wamsemee katika mashauri. Mpaka uko wapi? Wakili anaweza kudai bayana, kuhoji shahidi, kueleza udhuru, na kuzuia adhabu isipite kosa. Haimfalii kusema uongo, kumfundisha shahidi uongo, kumhonga yeyote, wala kumtwisha kosa mtu anayejua kwamba si lake. Anayefanya hayo ni mshirika wa dhulma, iwe anasimama upande wa utetezi au upande wa mashtaka.

PINGAMIZI LA HOFU

Atasema msemaji: nyinyi mnazungumza vitabu, na sisi tunavunjiwa nyumba. Hofu hii si ya kubezwa. Mkoa wetu wa Pwani haujasahau mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji ya 2016 na 2017, walipouawa askari na viongozi wa vijiji. Mwenye kuibiwa ana haki, na aliyeuliwa mtu wake ana haki kubwa zaidi. Lakini haki yake haitimii kwa kuadhibiwa yeyote anayepatikana. Asiyehusika akifungwa au akichomwa moto, mhalifu halisi anabaki mtaani, tena sasa hatafutwi. Bayana inamlinda aliyeibiwa pia.

WAJIBU WETU

Kwanza, khatibu asitaje tukio la uhalifu kwa jina la mtu isipokuwa imetoka hukumu, na akilitaja kabla ya hapo aseme anatuhumiwa. Aya ya 6 na ya 12 za Surat al-Hujuraat zinatosha kuwa sababu. Na tuhuma za zinaa zina hatari yake peke yake, kwa kuwa msemaji anakaribia mpaka wa kadhfu.

Pili, imam awafundishe waumini haki za aliyekamatwa, na awaelekeze kwenye msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewekwa kwa ajili ya asiyeweza kulipa wakili.

Tatu, ukisikika ukelele wa mwizi, wenye kauli mtaani watoke kuzuia mawe, na mtu apelekwe kituoni akiwa hai. Anayerusha jiwe hajui anamrushia nani.

Nne, akiletwa maiti aliyeuawa kwa jina la jambazi, aoshwe, akafiniwe na aswaliwe kama Mwislamu yeyote. Mtume (s.a.w.) amemswalia mwanamke wa Juhayna aliyekiri mwenyewe na akasimamishiwa hadi. Vipi yule ambaye hakuna aliyemsikiliza?

Kwa waandishi, ombi letu ni dogo. Rudisheni neno mtuhumiwa mahali pake, rudisheni ngeli ya watu kwa watu, na mkiandika kukamatwa kwa mtu ukurasa wa kwanza, andikeni na kuachiwa kwake ukurasa huo huo.

Wallahu a'lam.