CHEBIKA: MWAMBA AU MTU?

Wasafiri wengi wanaoandika juu ya Chebika, kusini-magharibi mwa Tunisia, huishia kwenye korongo lake: miamba tabaka juu ya tabaka, chemchemi, mitende pembeni mwa jangwa. Uzuri upo, sikatai. Lakini watu je?

Jean Duvignaud aliwauliza watu. Kitabu chake, *Chebika* (1968), kilitokana na utafiti wa miaka kadhaa aliofanya na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Tunis. Kwa maoni yangu, uzito wake uko hapa: maswali yanawaamsha wanakijiji, na wanafunzi nao hawarudi mjini kama walivyokuja. Mwaka 1969 mvua na mafuriko vikakibomoa kijiji. Watu wakahamia chini. Kitabu kikabaki.

Hapo ndipo ninapobanwa. Likizo iliyopita niliandika ngano za bibi yangu, nikapata alama nzuri, basi. Yeye aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, hizi unampelekea nani?" Nikacheka tu. Wenzangu, sisi tunaokwenda vijijini kusaka fasihi simulizi, swali hilo halichekeshi. Duvignaud angalau alilisikia.